Msaada: kengele ya ppm 15 hainyamazi, ngama imejaa na safari ni keshokutwa

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Maji ya ngama (machafu yanayokusanyika chini kabisa ya meli) chumba cha mashine yamejaa, kama kubiki 9 (mita za ujazo), na tangi la kuyahifadhi liko asilimia 90. Nikiwasha mashine ya kutenganisha mafuta na maji, dakika mbili hazipiti kengele ya mafuta kuzidi ppm 15 (sehemu 15 kwa milioni) inalia, valvu ya njia tatu inageuza, maji yanarudi tangini. Keshokutwa tunang'oa nanga. Nifanyeje yatoke?

Rafadha: Anza na yanakoingilia. Glandi ya shafti (kizibo pale shafti inapotoka nje ya meli) hudondosha matone machache kwa dakika. Ikitiririka, kaza nati zote mbili kidogokidogo kwa zamu, robo mzunguko kila mara, huku ukipapasa isipate moto. Kisha kagua sili za pampu ya maji ya bahari. Bila hivyo utateka usiku kucha na asubuhi ukute yaleyale.

Sitaha_Safi: Mimi naona watu wanahangaika na mafuta wakati takataka zimeachwa. Plastiki hairuhusiwi kutupwa baharini popote, hata kamba iliyokatika. Mabaki ya chakula yakisagwa yapite tundu la milimita 25 ndipo yatupwe, chombo kikiwa safarini, zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu. Yasiposagwa, zaidi ya maili 12. Kwenye maeneo maalumu masharti ni makali zaidi.

Zamu_ya_Usiku: Asante, lakini shida yangu ni ngama.

Chujio: Mkuu, jibu mawili. Sakafu ya mashine mmeosha kwa kitu gani? Na bomba la kutoa nje likoje?

Zamu_ya_Usiku: Sabuni ya kuondoa grisi, ndoo mbili. Bomba liko kawaida.

Chujio: Basi mchawi wako ni hiyo sabuni. Inavunja mafuta kuwa chembe ndogo mno, maji yanakuwa kama maziwa. Mashine yako inategemea chembe zikutane kwenye chujio ziwe matone makubwa yaelee. Zikishavikwa sabuni hazikutani. Pampu ya mapanga ikitangulia mbele ya mashine huzidi kuyakoroga. Inayofaa ni ya skrubu, ya mwendo wa pole.
Acha tangi litulie saa 24, usiongeze kitu. Mafuta ya juu yapeleke tangi la tope. Vuta maji ya katikati, usifike chini kabisa. Jaza mashine maji safi mpaka hewa yote itoke. Soma geji kabla na baada ya chujio. Tofauti ikipita kiwango cha kitabu cha mashine, badilisha chujio. Halafu sugua kioo cha kipimamafuta kwa burashi yake. Kipima hicho hutumia mwanga, kwa hiyo kutu, masizi na mapovu ya hewa vyote kinavihesabu mafuta.
Na hilo bomba "kawaida" maana yake nini?

Zamu_ya_Usiku: Kuna mpira nimeuunga kutoka pampu ya ngama hadi flanji (pete ya kuungia bomba) ya nje, baada ya mashine. Sijautumia! Ni tahadhari tu. Na tungetoa usiku, kina kirefu, mbali kabisa. Chombo chenyewe tani 320 tu, bahari ni kubwa. Kitabu cha kumbukumbu za mafuta ningekisawazisha.

Rafadha: Ng'oa mpira huo leo. Ppm 15 maana yake lita moja ya mafuta ndani ya lita zipatazo 67,000 za maji, na huruhusiwi kuongeza maji ili kipimo kishuke. Utando wa mafuta haukai kilindini, unakaa juu, ndipo mayai mengi ya samaki yanapoelea.
Mkaguzi naye haulizi maneno. Anatazama rangi iliyokwaruzika kwenye bolti, anafungua bomba la nje, anapitisha kitambaa cheupe ndani. Kisha anapiga hesabu: mashine ya kubiki moja kwa saa haiwezi kutoa kubiki 6 kwa saa mbili. Princess Cruises, kampuni ya meli za watalii, walikiri kosa la namna hii mwaka 2016, faini dola milioni 40. Aliyetoa taarifa ni injinia wao mgeni kazini.

Dira: Samahani, hii hadithi imetungwa. Kitabu cha mafuta ni lazima kwa meli za tani jumla 400 kwenda juu, na za kubeba mafuta kuanzia 150. Mwenye tani 320 anasawazisha kitabu gani?

Sitaha_Safi: Nami nilishangaa.

Zamu_ya_Usiku: Sijatunga. 320 ni tani halisi, nilisoma mstari wa chini kwenye cheti. Tani jumla ni 870.

Dira: Hapo inaingia akilini, niwie radhi. Ila sasa kila neno hapo juu linakuhusu.

Zamu_ya_Usiku: Saa 24 zimepita. Sampuli kwenye chupa ya kioo: juu tabaka la kahawia, unene wa kidole, katikati bado weupe wa maziwa.

Chujio: Weupe huo hautapita leo wala kesho. Yasitoke baharini. Mpigie wakala aombe chombo cha kupokea maji machafu bandarini. Hitilafu iandike kitabuni chini ya herufi F, saa na sababu. Stakabadhi ya kupokelewa ihifadhi pamoja na kitabu. Kitabu hukaa miaka 3 tangu maandishi ya mwisho.

Zamu_ya_Usiku: Mpira umetoka, flanji pofu imerudi na gasketi mpya. Wakala amejibu, wanakuja saa nne asubuhi.

Rafadha: Flanji ya kutolea ni ya kiwango cha kimataifa: kipenyo cha nje milimita 215, bolti 6 za milimita 20. Ijaribu usiku huu, kutu isije ikakukwamisha wamesimama pale. Ziba matundu yote ya maji ya sitahani kabla pampu haijawashwa, weka trei chini ya maungio, na mtu mmoja asimame kwenye swichi mpaka mwisho.