Kunyanyua mbele ya HiAce kwa boliti za toshenba: mwisho wake ni wapi?

Mkazi wa Pongwe

Ndugu zangu, assalaam aleikum. Nina HiAce ya toleo la H200, isiyovutwa na magurudumu yote manne, ambayo hubeba machungwa kutoka mashamba ya Muheza kuja Tanga mjini, na msimu ukiruhusu hupanda Amani kufuata iliki na mdalasini. Kwa muda sasa gari limelala mbele. Kwenye barabara ya vumbi ya Amani, hasa masika inapochimba mifereji katikati ya njia, bamba la chini ya injini hukwaruza mawe, na nikiingia kwenye shimo nasikia chuma kikigonga chuma.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha amesema dawa ni kukaza boliti za toshenba, zile fimbo za chuma zinazobeba gari mbele, hadi mwisho, kazi ya nusu saa tu. Wa pili amenionya kwamba nikifanya hivyo gari litakuwa gumu na litakula matairi, kwa hiyo ninunue toshenba mpya. Wote wawili nawaheshimu, lakini kauli zao hazikutani. Naomba mwenye ujuzi anieleze boliti hiyo inafanya nini hasa, inaweza kunyanyua gari kiasi gani bila madhara, na nitajuaje kama toshenba zenyewe zimechoka. Niongeze kwamba nyuma tayari nimeongezewa bamba moja la springi kwa ajili ya mzigo.

Fundi wa Ngamiani

Waaleikum salaam, ndugu. Tuanze na chuma chenyewe, kwa sababu mabishano mengi ya gereji kuhusu jambo hili huisha mtu akishakielewa.

Mbele ya H200, kama ilivyokuwa kwa H100 iliyoitangulia, hakuna springi za koili. Kila upande una toshenba, yaani fimbo ndefu ya chuma iliyolala sambamba na chasisi: ncha yake ya mbele imeshikwa na mkono wa gurudumu, na ncha ya nyuma imeingia kwa meno katika kipande kifupi kinachozuiwa na boliti. Gurudumu likipanda, fimbo husokotwa kama nguo inayokamuliwa, na nguvu yake ya kutaka kurudi ndiyo inayobeba gari. Ukikaza boliti ya nyuma unazungusha ncha ile, mkono wa gurudumu unasukumwa chini, na gari linanyanyuka. Ni hilo tu. Fimbo haipati nguvu mpya, kwa maana ugumu wake umo katika urefu na unene wake, na unene ndio wenye neno kubwa zaidi: fimbo iliyozidi nyingine kwa asilimia 10 ya kipenyo huwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 46. Hakuna boliti inayoweza kukupa hayo.

Kwa nini basi gari lililokazwa sana huonekana gumu? Kwa sababu mkono wa gurudumu una mipaka miwili, raba ya kuzuia kupanda na raba ya kuzuia kushuka. Gari lilipotoka kiwandani lilisimama mahali penye nafasi ya kutosha pande zote mbili. Ukilinyanyua unaongeza nafasi ya kupanda, lakini unaipunguza ile ya kushuka. Ukikaza hadi mwisho, mkono unakaa umekaribia raba ya kushukia hata gari likiwa limesimama, na kila gurudumu linapotaka kufuata shimo linafika kikomo na kugonga. Abiria husema shokapu zimekufa, ilhali shokapu ni nzima. Boljointi, yaani viungo vinavyounganisha gurudumu na mikono yake, nazo hufanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa, na hazidumu.

Kwa hiyo hapo fundi wako wa pili ana haki, ingawa kununua toshenba mpya bila kupima ni kuharakisha. Simamisha gari mahali tambarare, likiwa tupu na matairi yote yana upepo sahihi, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao la madigadi, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Usipimie kutoka ardhini, maana hapo utakuwa unapima na uchakavu wa tairi. Mzigo nao utoe wote, kwa sababu machungwa yaliyolundikwa nyuma ya ekseli huinua pua ya gari na kukudanganya. Utuletee vipimo.

Dereva wa Bagamoyo

Naunga mkono. Niongeze tu kwamba magari yetu ya pwani yana adui mwingine, nayo ni chumvi. Hapa Bagamoyo nimeona boliti hizi zikiwa zimeshikwa na kutu kiasi kwamba fundi akitumia nguvu inakatika kichwa. Zipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, nyuzi zisuguliwe kwa brashi ya waya, na kamwe zisizungushwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake wote.

Mkazi wa Pongwe

Nashukuru sana. Nimepima kama mlivyoelekeza. Mbele kushoto ni sentimita 46, mbele kulia ni 44. Nyuma pande zote mbili ziko sawa, lakini kwa macho gari linaonekana limeinamia mbele. Je, upande wa kulia umeshuka kwa sababu dereva hukaa huko? Na je, nikaze kulia peke yake?

Fundi wa Ngamiani

Tofauti ya sentimita 2 ni kubwa, na uzito wa dereva peke yake haunitoshi kama maelezo. Kabla ya kugusa boliti, pandisha gari kwa jeki chini ya chasisi, siyo chini ya mkono wa gurudumu, likalie stendi imara, na magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi. Magurudumu ya mbele yakining'inia, tikisa kila moja kwa kulishika juu na chini, tazama bushi (raba za maungio) za mikono kama zimepasuka au zimesogea, na chunguza raba za vizuizi. Mlio wa chuma uliousimulia unanifanya nishuku kwamba raba ya kuzuia kupanda imekwisha au imedondoka kabisa, jambo ambalo nimelikuta kwenye HiAce nyingi za kazi. Raba hiyo ni ya bei ndogo, na bila hiyo hata gari refu litagonga.

Kisha tazama boliti zenyewe. Pima kwa rula ni kiasi gani cha nyuzi kimejitokeza kila upande, uandike, na utie alama ya rangi. Ikiwa ya kulia imelegea kuliko ya kushoto, basi kuna mtu aliyewahi kuichezea, na tiba ni kuirudisha. Ikiwa zinalingana, bushi ni nzima na bado kulia kuko chini, fimbo ya kulia imelegea kwa umri. Kulegea kwa kiasi hiki kunarekebishika kwa boliti. Ndiyo kazi ambayo boliti iliwekewa na watengenezaji.

Marekebisho yafanyike magurudumu yakiwa yananing'inia. Legeza loknati (nati inayozuia boliti isijizungushe), paka nyuzi grisi, kaza ya kulia mzunguko mmoja au miwili, ushushe gari. Hapa ndipo wengi hukosea: gari likishuka kutoka kwenye jeki, matairi hubana ardhi na kulizuia lisikae chini vizuri, hivyo ukipima papo hapo utaona limepanda kuliko ukweli. Lisukume mbele na nyuma mita chache, bonyeza bampa mara kadhaa, ndipo upime. Rudia hadi pande mbili zilingane, na baada ya hapo ndipo unyanyue zote kwa mizunguko iliyo sawa. Kwa gari la mzigo mimi sivuki milimita 25 juu ya kimo cha asili, na anayefika 40 namwona ameshaingia kwenye hasara. Kila hatua chungulia nafasi iliyobaki kwenye raba ya kushukia. Ikikaribia kuguswa gari likiwa tupu, rudi nyuma.

Na kama siku moja utazitoa fimbo, ya kulia na ya kushoto zisibadilishane. Zimeandaliwa kiwandani kusokotwa kila moja kwa upande wake, na kwa kawaida huwa na alama.

Mzee wa Korogwe Road

Wanangu, mmezungumza vizuri, ila kuna jambo la nyuma ambalo halijaguswa. Kijana amesema ameongeza bamba la springi. Kuinama kwa gari kunakoonekana kwa macho huenda kumetokana na nyuma kupanda, wala si mbele kushuka peke yake. Tena, magari mengi ya aina hii yana vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa springi ndogo. Chasisi ikishuka karibu na ekseli, vali huelewa kuwa kuna mzigo na hupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Bamba likiongezwa, gari lililojaa hubaki juu, vali hudhani gari ni tupu, na breki za mbele hubebeshwa karibu kazi yote. Kwa mtu anayeteremka kutoka Amani na mzigo, hilo ni jambo la uhai. Vali hiyo ikaguliwe na irekebishwe na fundi wa breki kabla ya safari nyingine ya mlimani.

Mama Machungwa

Samahani kwa kuingilia. Mimi natumia Noah, nayo imelala mbele vilevile. Je, ina boliti hiyo?

Fundi wa Ngamiani

Shikamoo Mzee, nakushukuru. Neno la vali lingetangulia hata la kwangu.

Mama, Noah za kuanzia 2001, zinazovutwa na magurudumu ya mbele, zina springi ya koili iliyozunguka shokapu, kwa hiyo hakuna boliti ya kukaza. Hata HiAce ya H300 iliyotoka 2019 imeacha toshenba. Kwa gari lako ni kubadilisha springi zilizochoka, zote mbili kwa pamoja, na ukaepuka vipande vya raba vinavyopachikwa katikati ya koili.

Ndugu wa Pongwe, ukimaliza nenda moja kwa moja kupima alaimenti (mwelekeo wa matairi), usisubiri wiki ipite. Kimo kikibadilika, matairi huinama na kuelekea pembeni hata kama usukani unaonekana umenyooka, na tairi mpya huliwa upande mmoja ndani ya muda mfupi. Umwambie mwenye mashine kwamba kimo kimebadilishwa, ili akague pembe zote badala ya kunyoosha tairodi (fimbo za usukani) peke yake. Taa za mbele nazo zishushwe, kwa sababu pua iliyopanda huwamulika machoni wanaokuja kutoka Muheza usiku.