Kwa Bi Mwanahawa (Familia Tu)

JUMATANO

Da Zuhura [19:08]: Asalam aleikum familia. Shikamoo Kaka Omari, wadogo zangu hamjambo. Nina jambo. Naomba lisomwe lote, si mtu kuweka dole gumba na kupita.

Da Zuhura [19:09]: Kuanzia Jumamosi hii watoto wote wa familia wanaanza mazoezi. Raskazone, saa 12 na nusu asubuhi. Kila mzazi alete wa kwake. Na nyumbani tubadilishe sahani zao. Subirini naandika.

Da Zuhura [19:21]: Soda na juisi za pakiti ndani ya nyumba basi, labda siku ya Idi. Asubuhi mtoto apate kiazi kitamu, muhogo wa kuchemsha au magimbi, na yai au uji wa ulezi. Si andazi na chai ya vijiko vinne. Mboga ya majani kila siku, matembele yanajiotea hata kando ya karo. Matunda ndiyo usiseme, machungwa ya Muheza yanaozea barabarani halafu sisi tunawanunulia watoto maji ya rangi yenye PICHA ya chungwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 achezeshe mwili walau dakika 60 kwa siku, moyo uende mbio. Kwa SIKU, si kwa mwezi. Na wale wa miaka 2 hadi 4, simu na TV zisizidi saa 1.

Da Zuhura [19:22]: Mwisho, kila mzazi aandike humu uzito na urefu wa kila mtoto wake kabla ya Ijumaa, tupate pa kuanzia.

Athumani [19:40]: Da Zuhura uzito wa wazazi je, tuandike kwa kilo au kwa tani

Athumani [19:40]: Namuulizia Shem Kasimu 😂

Rashidi Muscat [19:41]: 😂😂😂

Da Zuhura [19:43]: Nilijua. Wamesoma 14, aliyejibu mmoja na ni upuuzi. Hebu oneni hii.

Da Zuhura [19:43]: [Picha: glasi ya chai yenye sukari kavu, kijiko kimelazwa pembeni]

Da Zuhura [19:46]: Hiyo ni sukari ya soda MOJA. Geuza chupa usome nyuma, gramu 10 na ushee kwa kila ml 100. Chupa ya 350 ni gramu 36, 37 hivi. Kijiko cha chai ni gramu 4. Vijiko 9! Leo nimewaonyesha darasani, watoto wakanyamaza kimya. Kuna mmoja akaniuliza "mwalimu, na mbili?"

Athumani [19:47]: Hiyo sukari usiimwage, nakuja na chai yangu

Mwaju [19:58]: Da Zuhura mimi nimekuelewa. Ila Sudi nikimnyima nyumbani anajipitia dukani na pesa ya shule. Chipsi za elfu moja na tomato yake. Mboga hagusi, mlenda anasema unamteleza kooni kama kambare.

Kaka Omari [20:02]: Njaa itamfundisha. Sisi nani alitubembeleza.

Da Zuhura [20:05]: Kaka na heshima zote, ya njaa si dawa. Mwaju, usimwahidi kitu kitamu akimaliza mboga, hapo umeshamwambia mboga ni adhabu. Mwingize jikoni. Mpe mchicha achambue, mpe nazi akune. Akichambua mwenyewe atataka kuonja. Akikataa leo usigombe, weka tena kesho kidogo tu. Itakwenda mara kumi na zaidi, usichoke.

Mwaju [20:06]: Akichambua mchicha anabaki na mabua, majani yote kwenye takataka 😅 lakini nitajaribu

Wifi Saumu [20:11]: Nimesoma hapo juu. Kwa hiyo andazi ndilo limekuwa adui.

Da Zuhura [20:12]: Wifi sikukulenga wewe

Wifi Saumu [20:14]: Sijasema umenilenga. Nasema tu daftari langu linaonyesha maandazi 46 tangu mwezi uanze, jina Zuhura, hayajalipwa.

Athumani [20:14]: ARUBAINI NA SITA

Athumani [20:15]: Utaratibu wa Raskazone uanzie Chumbageni, kwa Da Zuhura mwenyewe

Rashidi Muscat [20:17]: 🤣🤣 Shemeji umemaliza

Da Zuhura [20:20]: Sawa, nalipa kesho. Na mimi ndiyo nimeanza na nyumba yangu, sikusema mimi malaika. Nimepimwa presha wiki jana, mkitaka kujua. Nikakaa pale kwenye benchi nikamkumbuka Baba. Sitaki mtoto yeyote wa humu afike kule. Ndiyo maana napiga kelele.

(Hakuna aliyeandika kwa dakika 19.)

Mwaju [20:39]: Pole dada. Presha ngapi?

Da Zuhura [20:40]: Tutaongea. Tumalize la watoto.

Athumani [20:44]: Sasa mbona mpaka Raskazone? Sisi nani alitupeleka Raskazone? Tulikuwa tunatoka shule tunatupa begi, rede mpaka magharibi. Kombolela mpaka Mama atoke na mwiko. Miguu ilikuwa kama ya swala.

Mwaju [20:45]: Pale chini ya mwembe 😍

Athumani [20:46]: Pale chini ya mwembe. Sasa hivi mtoto akimbie wapi, ndani ya fremu ya kuuzia simu?

Kaka Omari [20:47]: Athumani.

Athumani [20:48]: Sijataja mtu kaka. Nasema pana fremu nne pale.

Kaka Omari [20:49]: Unajua pesa za kile kiwanja zilikwenda wapi. Zilikwenda kwenye mguu wa Baba. Risiti zipo.

Mwaju [20:51]: Kaka mwaka wa saba huu tunaambiwa zipo.

Athumani [20:51]: Fremu nne, mguu mmoja. Hesabu hii haijawahi kutoka.

Wifi Saumu [20:53]: Mna adabu nyie? Mume wangu alilala kwenye kiti hospitali siku 23. Nani kati yenu alikuja hata kupokezana?

Da Zuhura [20:54]: JAMANI. Tumetoka kwenye mada. Jumamosi. Ndiyo au hapana.

Rashidi Muscat [20:58]: Mimi nachangia baiskeli mbili, nitamtumia mtu anayekuja mwezi ujao. Tanga bila baiskeli si Tanga. Au ile mashine ya kukimbilia ndani mnaonaje

Athumani [20:59]: Mashine umeme ukikatika Bonge atabaki amening'inia 😂 Afu Raskazone mkimpeleka Bonge akajirusha baharini maji yatafika sokoni

Rashidi Muscat [20:59]: 😂😂😂

Binamu Hija [21:00]: 😂

Mwaju [21:03]: Anko Athu mimi Sudi. Nimeona. Mimi nakimbia. Juzi shule tulicheza rede nikabaki mimi wa mwisho na chupa ya mchanga nikaijaza nikaimwaga mara mbili. Muulize mwalimu

Mwaju [21:05]: Ujumbe huu umefutwa

Mwaju [21:09]: Samahanini. Alikuwa na simu, anafanya homuweki.

Athumani [21:10]: Ujumbe huu umefutwa

Athumani [21:12]: Mwaju mpe simu niongee naye

Mwaju [21:30]: Amelala.

ALHAMISI

Da Zuhura [06:10]: Asubuhi njema. Naondoa lile la kuandika uzito humu. Nilikosea.

Sharifa [13:22]: [Ujumbe wa sauti, 2:11]

Sharifa [13:22]: Shikamooni. Ni Bibi huyo, kanishikia simu mwenyewe

Athumani [13:26]: Sina bando la kufungulia, anasemaje

Da Zuhura [13:27]: Mimi niko darasani. Sharifa mama, tuandikie.

Sharifa [13:51]: Naandika kama alivyosema, msinilaumu.

Sharifa [13:51]: "Salamu zenu nimezipokea. Sharifa kanisomea yote ya jana, mpaka mliyoyafuta, maana aliyaona kabla. Sudi ni jina la mume wangu. Nililitoa mie, siku ya saba, mtoto yuko mikononi mwangu. Atakayemwita jina jingine asikanyage kwangu, hata Idi. Mizani naona imeondolewa, vizuri. Mtu akitaka kupima watu aanze na mie, nipo hapa sijifichi."

Sharifa [13:53]: "Zuhura mwanangu. Kisamvu ulikuwa unakitemea ukutani. Alama ipo mpaka leo nyuma ya kabati, njoo uione. Sikukupiga wala sikukupa peremende. Nilikuwa nakila mbele yako, na baba yenu anakila, kila siku, mpaka siku moja ukapeleka mkono mwenyewe. Sasa mie nauliza tu, nyie na watoto wenu mnakaa sinia moja saa ngapi? Kila nikija mtoto yuko na sahani yake chumbani, mama na yake, baba hajarudi."

Sharifa [13:56]: "Na kile kiwanja. Dole gumba kwenye karatasi ni langu, si la Omari. Nilimwambia auze na nikamwambia anyamaze. Mwenye swali la risiti aje aniulize mie. Jumamosi nileteeni watoto hapa Makorora, tutakwenda sokoni Mgandini kwa miguu na kurudi na vikapu. Nimemaliza."

Sharifa [13:56]: Basi ndivyo hivyo

Da Zuhura [14:20]: Sawa Mama.

Binamu Hija [14:21]: Sawa Bi Mkubwa 🙏

Rashidi Muscat [14:48]: Sawa Mama. Nisamehe kwa kucheka.

Mwaju [14:50]: Ahsante Mama.

Athumani [15:15]: Nisamehe Mama

Sharifa [15:17]: Bibi anasema si yeye wa kuombwa

Kaka Omari [17:34]: Mama hukutakiwa kuyasema hayo.

Mwaju [17:36]: Kaka nitakupigia.

Kaka Omari [17:36]: Usipige, niko kazini.

Athumani [17:41]: Kaka

Athumani [18:05]: Basi nitapita jioni

IJUMAA

Da Zuhura [12:45]: Ijumaa kareem. Kwa hiyo kesho ni Makorora, si Raskazone? Au sokoni kwanza halafu Raskazone jioni? Naomba jibu, nimeshawaambia watoto wangu wavae raba.

Wifi Saumu [13:02]: Mie saa 12 na nusu nauza. Watoto wangu Sharifa atakuwa nao hukohuko kwa Bibi. Nitamwachia sufuria ya mihogo ya kuchemsha na nazi. Hakuna andazi, usihofu.

Da Zuhura [13:04]: Wifi weka hata mawili basi 🙈 na nimekutumia hela ya daftari, angalia simu.

Wifi Saumu [13:09]: Imeingia. Imepungua mia tano lakini haidhuru.

Mwaju [13:30]: Sudi anasema haendi.

Da Zuhura [13:31]: Mwaju usimlazimishe ila usimwache tu. Mwambie Bibi anamhitaji abebe kikapu, yeye ndiye mkubwa wa kiume.

Mwaju [16:12]: Amefikiria mchana kutwa. Anasema ataenda sokoni na Bibi. Wakirudi ichezwe rede, Anko Athu akae kati, na yeye Sudi ndiye arushe mpira.

Athumani [16:13]: Mwambie nakubali

Athumani [16:14]: Mpira gani kwanza? Usiwe wa ngozi

Mwaju [16:16]: Anasema wa ngozi.

Rashidi Muscat [16:40]: Mtu achukue video tafadhali

Da Zuhura [16:42]: Mtacheza wapi? Mbele ya fremu pana pikipiki.

Sharifa [16:50]: Bibi anasema barabarani, tuweke mawe mawili magari yapite pembeni kama zamani

Da Zuhura [16:51]: Barabarani hapana!!

Sharifa [16:55]: Nimemwambia. Amesema basi uani, tutaondoa kamba za nguo

Da Zuhura [16:57]: Kaka Omari unakuja? Wewe ulikuwa bingwa wa rede kuliko sisi wote.

(Kaka Omari amesoma.)

Da Zuhura [18:20]: Ule mpira uko kwangu lakini umeisha upepo. Nani ana pampu?

Shem Kasimu [21:47]: Salama jamani? Nipo mpakani Horohoro tangu juzi kwenye foleni, mtandao unakuja na kuondoka. Naona mna jambo kesho. Bonge wangu hajambo?

Mwaju [21:48]: Baba Sudi, soma juu.

Shem Kasimu [21:50]: Juu wapi, ujumbe 112 huu

Mwaju [21:50]: Soma.

Da Zuhura [21:58]: Nimeuliza pampu.

Athumani [22:06]: Pampu ninayo. Sindano yake ndiyo sina