Taa za reli dukani: futi, kikomo cha mkondo au taa zenyewe?

FundiReli
Wakuu, duka la nguo Marekani, 120 V. Reli mbili za kuchomekea taa, futi 25 na futi 22, taa 26 za LED za wati 14. Mzigo wa umeme nipige hesabu kwa njia ipi?

Brekari20
Kwa futi, ndivyo NEC (kanuni za umeme za Marekani) inavyotaka: 150 VA (volti mara ampea) kwa kila futi 2 za reli, na kipande kinachobaki kinahesabiwa kizima. Futi 25 ni vipande 13, futi 22 ni 11, jumla 24. Mara 150 unapata 3,600 VA. Taa za duka huwaka saa 3 au zaidi mfululizo, kwa hiyo zidisha kwa 1.25: 4,500 VA, yaani ampea 37.5. Saketi ya ampea 20 inabeba 1,920 VA mfululizo, basi usizidishe futi 24 kwa kila saketi.

mama_volti
Hapo mwisho umeteleza, mkuu. Kifungu 220.43(B) cha toleo la 2020 (matoleo ya baadaye yamebadili namba) ni cha kukokotoa waya unaolisha bodi na ingizo kuu la umeme. Hakiwekei saketi ya taa kikomo cha urefu wa reli. Kwenye saketi unahesabu taa zilizofungwa: 26 × 14 = wati 364. Zikiwa na pawa fakta (uwiano wa wati kwa VA) ya 0.9 ni kama 404 VA, ampea 3.4, ukizidisha kwa ile 1.25, 4.2. Brekari moja ya 20 inatosha reli zote mbili.

Ila reli ya ampea 20 usiifunge kwenye brekari ya 30, hata taa ziwe chache namna gani.

FundiReli
Kwa hiyo bodi inahesabiwa 4,500 VA wakati taa hazifiki 500?

Kondakta12
Ndiyo, kwa sababu kesho mwenye duka anaweza kuchomeka taa nyingine bila kumwita fundi. Ukitaka kupunguza, weka kifaa cha kuzuia mkondo mwanzoni mwa kila reli. Hapo unahesabu ukubwa wa kifaa. Ampea 5 mara 120 ni 600 VA, reli mbili 1,200, ukizidisha kwa 1.25 inafika 1,500 VA. Kama bodi ya zamani imebaki na nafasi finyu, hii ndiyo njia yangu. Bodi ikiwa mpya na kubwa, sioni haja ya kununua vifaa viwili.

mama_volti
Usichague ampea 2 kwa ubahili. Taa 13 za kila reli zinakula 1.7, na draiva za LED (vifaa vinavyozilisha umeme) huvuta mkondo mkubwa ghafla zinapowashwa; kifaa kitakuwa kinakata kila asubuhi.

Brekari20
Nimekubali kuhusu saketi. Nyongeza: nyumba ya kuishi haihitaji hesabu ya futi za reli, taa hizo zimo kwenye VA zinazohesabiwa kwa kila futi ya mraba (3 VA katika toleo la 2020).