Naomba ushauri: kadi ya grafiki ya kuweka kwenye Dell ya ofisini, bajeti laki tatu na nusu

Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, nina Dell OptiPlex 7050 ile nyembamba, prosesa i5-7500, RAM GB 8 ya kijiti kimoja. Nataka icheze gemu za GTA V na mpira kwa picha ya 1080p, sina makuu.

Kinachonibana ni pawasapulai, kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta. Ni ya wati 180, haina waya hata mmoja wa kupeleka umeme kwenye kadi, na kuibadilisha ni kazi maana Dell wanatumia plagi zao wenyewe. Kwa hiyo kadi iridhike na wati 75 za kwenye sloti inapochomekwa, tena iwe ya kimo kifupi, la sivyo mfuniko haufungi. Kadi za RX 580 zilizochoshwa na kuchimba sarafu za mtandaoni naziona bei chee, ila zinakula wati 185. Hapa haziingii kabisa.

Nimebaki na GTX 1050 Ti au GTX 1650, zote GB 4. RX 6400 inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na kompyuta) na mashine yangu ni PCIe 3.0, toleo la zamani, naogopa itapungua kasi.

Aliyewahi kuzitumia anisaidie, nichukue ipi? Au nianze na kijiti cha pili cha RAM, kadi isubiri? Pia kwa Arusha, ni wapi wanakuruhusu kuichomeka na kuijaribu kabla hujalipa? Mambo ya "ukitoka dukani hatujuani" siyataki.