Visu vitatu vya kufuliwa, pesa ya kimoja: nichukue kipi cha kambini na jikoni?

BintiShambalai

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Tuna kikundi cha watu kumi na wawili, na kila mwaka mwezi wa saba tunatembea kwa miguu siku nne kutoka Lushoto hadi Mtae, tunalala kwenye mahema. Jiko ni langu. Asubuhi namenya viazi, mchana kachumbari na matunda, jioni tukipata kuku au mguu wa mbuzi kijijini ndiyo kazi ya nyama inaanza. Juu ya hapo kuna kuchonga vigingi vya hema, kukata kamba na kupasua vijiti vya kuwashia moto.

Mwaka jana nilibeba kisu cha dukani chenye mpini wa plastiki. Siku ya pili mpini ulilegea nikiwa natenganisha paja la kuku, bapa likageuka mkononi na kunikata kidole cha shahada. Tulikuwa mbali na zahanati, damu ilikataa kusimama karibu nusu saa. Ndiyo maana safari hii nataka kisu cha mhunzi, kisichokunjwa, nikae nacho miaka.

Vitatu nimevishika mkononi. Cha kwanza ni cha mhunzi wa Mamba, huku kwetu Kilimanjaro, amekifua kwa springi ya Land Rover. Bapa sentimita 18, mgongo unene milimita 5, mpini wa mpingo, bei 55,000. Cha pili ni cha mhunzi huyohuyo, kimetokana na tupa kuukuu. Bapa sentimita 13, mgongo milimita 3, mpini wa mninga, 40,000. Cha tatu kaka yangu alikuja nacho kutoka Nairobi tukione. Fundi wake anasema ni chuma kisichoshika kutu, 440C, bapa sentimita 14, mgongo milimita 2.5, na kwa pesa yetu kinafika 120,000.

Mume wangu anapenda cha kwanza, anasema hicho hakishindwi na kitu. Mimi kila nikilala naamka na jibu jingine. Natanguliza shukrani.

MwanaUgweno

Dada, karibu. Nimekulia Upare, kwenye ukoo wa Washana, na uhunzi kwetu ni kazi ya mababu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Watu wengi wakitaka kununua kisu huuliza ni chuma gani. Hilo ni swali zuri ila si la kwanza. La kwanza ni unene, na si unene wa mgongo peke yake bali unene wa pale nyuma tu ya makali. Kisu cha milimita 5 kilichoachwa kinene mpaka karibu na makali hata ukikinoa kinyoe nywele za mkono, kwenye kitunguu kitakuwa kabari. Chukua karoti nene ukikate hicho cha kwanza. Ukisikia karoti inalia "ka!" na kupasuka kabla makali hayajafika chini, ujue kinapasua, hakikati. Jaribu na kiazi kikubwa kibichi pia, utaona kinavyokwama katikati.

Sasa pima kazi zako mwenyewe ulivyozitaja. Viazi, vitunguu, nyanya, matunda, nyama. Vigingi na vijiti ni dakika chache kwa siku. Chakula cha watu kumi na wawili ni saa nzima, mara tatu kwa siku. Kisu chako kinaishi kwenye chakula. Mimi ningeenda na cha pili au cha tatu bila kusita, kuni nikamwachia mwenye panga.

Angalia na msuka, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya mpini. Kilichokukata kidole mwaka jana naamini kilikuwa na msuka mfupi uliochomekwa tu kwenye plastiki. Kizuri ni msuka mpana unaofika mwisho wa mpini, vipande viwili vya mti vimebanwa huku na huku kwa ribiti za shaba na gundi. Ukiutazama mpini kwa juu unaona chuma chote kinapita katikati. Pitisha ukucha kwenye maungio. Ukucha ukizama, mafuta ya nyama nayo yatazama humo na kuoza.

MzeeWaKambi

Mimi nitasema tofauti. Nimelala msitu wa Magamba, huko huko Usambara, na mvua ya siku tatu. Kila kijiti kimelowa hadi ndani. Ukitaka moto hapo unapasua gogo dogo ufikie moyo wake mkavu, unaweka kisu juu, unagonga mgongo kwa kipande cha mti. Kisu cha milimita 2.5 sikithubutu kwa kazi hiyo. Springi ya gari imezaliwa kupinda na kurudi, kwa hiyo chuma chake ni kigumu kuvunjika kuliko cha tupa. Mumeo hajakosea.

MwanaUgweno

Mzee wangu, shikamoo. Kwa springi nakubali kabisa, kwa kishindo inaizidi tupa. Lakini kwenye kundi la watu kumi na wawili hakosekani wa kubeba panga, na panga la kawaida litapasua gogo hilo kwa pigo mbili. Na mwezi wa saba Usambara ni baridi na ukungu, si mvua za masika. Halafu ule ni msitu wa hifadhi, waulizeni wahusika kwanza moto unaruhusiwa wapi. Mtungi mdogo wa gesi ungewaondolea shida nyingi.

MzeeWaKambi

Marahaba. Panga likiwepo, basi nalegeza kamba.

FundiGerezani

Hapo kwenye tupa nina tahadhari. Tupa nzuri ina kaboni nyingi, karibu asilimia 1 na zaidi, springi ni kama 0.6. Ndiyo maana tupa inashika makali muda mrefu. Lakini tupa ikitoka kiwandani ni ngumu kama kioo. Fundi akiisaga tu kuwa kisu bila kuipasha tena moto mdogo, makali yatameguka ukigonga mfupa wa kuku. Na kuna tupa za bei rahisi zilizokomazwa ngozi ya juu tu. Ukishaisaga ngozi ile, ndani ni chuma laini.

Mhunzi anayejua kazi anapasha kisu hadi sumaku isikinase tena, hapo ni kama digrii 770, anazidisha moto kidogo, anachovya kwenye oili. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapofupisha, anakisafisha na kukirudisha kwenye moto mdogo, kama digrii 200, hadi chuma kipate rangi ya nyasi kavu. Saa moja, kinapoa, saa moja tena. Bila hatua hiyo umenunua kioo.

Majaribio mawili, omba ruhusa kwanza. Pitisha tupa mpya kwenye makali, pale karibu na mpini pasipoonekana. Ikiteleza au ikiuma kwa shida, kisu kimekomaa. Ikiuma kama inavyouma msumari, kiache. Pili, tafuta fimbo nyembamba ya shaba, ilaze mezani, kandamiza makali juu yake kwa pembe ndogo na uyatazame kwenye mwanga. Yatajikunja kidogo. Yakirudi sawa, lipa pesa. Yakibaki yamejikunja, ni laini. Yakimeguka, hayakupashwa tena ipasavyo.

BintiShambalai

Asanteni sana, mmenifungua macho. Cha karoti nimekifanya leo jioni. Cha springi kilipasua karoti kama alivyosema MwanaUgweno, tena kipande kimoja kiliruka hadi sakafuni. Cha tupa kilishuka vizuri, cha Nairobi vizuri zaidi.

Sasa nauliza kuhusu kutu. Nilimenya embe bichi kwa cha tupa, bapa likawa jeusi na embe likawa na ladha ya chuma. Hiyo ni kawaida?

TangaMjini

Ni kawaida, mpenzi. Embe bichi, ndimu, kitunguu, vyote vinakibadilisha rangi. Ule weusi wa kijivu na samawati si kutu, uache, baada ya wiki kadhaa unatulia na ladha inapungua. Adui ni kutu nyekundu. Mimi naishi na upepo wa bahari, kisu changu cha tupa kina miaka tisa. Nakiosha mara tu nikimaliza, nakikausha kwa kitambaa, napaka tone la mafuta ya kula. Hakilali kwenye beseni la vyombo.

Na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inashika unyevu na chumvi. Ala ni ya safarini tu, nyumbani kikae nje. Hakikisha ala ina mshono mnene upande wa makali, la sivyo siku moja makali yatatoka pembeni na kukufikia kiuno.

JiraniWaKamukunji

Habari zenu kutoka Nairobi. Kuhusu hicho cha 440C, muulize fundi swali moja: nani alikipasha moto? Chuma hicho kinahitaji zaidi ya digrii 1,000 na kinahitaji kushikiliwa hapo kwa kipimo. Kwa moto wa makaa na macho huwezi kukibahatisha. Kuna mafundi wanakata umbo wenyewe halafu wanapeleka kwenye tanuri la umeme lenye kipimajoto, hao wako sawa. Akikwambia alitumia makaa na oili, hizo 120,000 zitakuwa za kung'aa tu. Kama ametumia tanuri, kwa mpishi asiyetaka kuhangaika na kutu hicho ni kisu safi sana.

Olkarasha

Na sime je? Nyumbani tunachinja na kuchuna ng'ombe mzima kwa sime.

FundiGerezani

Ndugu yangu, mkononi mwa aliyekua nayo sime inatosha kwa kila kitu. Ila ina makali pande zote mbili. Dada anamenya viazi, anaweka kidole gumba mgongoni mwa kisu. Hapo sime haimfai.

BintiShambalai

MREJESHO. Samahanini kwa kukaa kimya, tumerudi kutoka Mtae wiki iliyopita.

Kaka alimuuliza fundi wa Nairobi habari ya tanuri, akajibiwa kwa kuzunguka, tukakirudisha. Nikaenda Mamba na tupa mpya na kipande cha shaba nilichopata kwa fundi redio. Mhunzi hakukasirika, alisogeza kigoda tukafanya pamoja. Tupa iliteleza kwenye kisu cha pili, nikafurahi. Kwenye shaba kikameguka, kipande kidogo kama punje ya mtama. Alinyamaza, akakigeuzageuza, akasema kweli siku ile alikuwa na haraka. Mpini ulikuwa umeshagundishwa, hakingeweza kurudi motoni, hivyo akanitengenezea kingine kwa tupa nyingine. Safari hii alikipeleka kwa jirani yake muoka mikate, kikakaa kwenye oveni mara mbili kabla ya kufungwa mpini. Nilimwomba akipunguze zaidi nyuma ya makali na asiung'arishe mpini sana, mkono wenye mafuta usiteleze. Sikuongezewa bei.

Kwenye shaba kilijikunja kikarudi. Siku nne nimekata vitunguu vya watu kumi na wawili, nimetenganisha kuku watano kwenye maungio bila kugonga mfupa, na nilikinoa mara moja tu, usiku wa tatu. Kidoa kimoja chekundu kilitokea karibu na noleo, pale bapa linapokutana na mpini, ukungu wa Mtae si mchezo, nikakisugua kwa majivu na ndimu kikatoka. Panga alibeba mume wangu, akapasua kuni zote. Kisu hakikugusa mti hata siku moja, isipokuwa kuchonga vigingi vinne badala ya vile tulivyopoteza njiani.