Daipoli ya bendi ya mita 40 (masafa ya 7 MHz): programu inasema 7.1, antena inasoma 6.9. Ushauri wakuu

Mgeni_wa_Masafa: Wakuu, habari za jioni. Niko Nyakato, Mwanza. Nimechora daipoli, antena ya waya wa pande mbili, kwenye 4nec2, programu ya kukokotoa antena, waya jumla mita 20.1, ikanipa 7.1 MHz safi kabisa. Nimeipandisha mwembeni, analaiza, kifaa cha kupima antena, inasoma 6.9. Usingizi sipati. Nihamie programu gani?

SatoMbichi: Unyevu wa ziwa huo. Kule Nansio nilifunga waya kwenye mwembe wa babu, usiku stesheni zinajaa, asubuhi kimya. Babu akaugeuza kamba ya nguo.

Raia_Mwema: Leseni ya TCRA, wadhibiti wa mawasiliano, unayo? Vijana mnapenda kurusha mawimbi kwanza, sheria baadaye.

Mgeni_wa_Masafa: Ninayo mzee wangu.

FundiKirumba: Ziwa tuliache. Waya gani huo?

Mgeni_wa_Masafa: Wa kawaida tu.

FundiKirumba: Mtupu au una ganda?

Mgeni_wa_Masafa: Wa kufungia nyumba, mili moja na nusu za mraba. Ila shaba ni ileile, na plastiki haipitishi umeme, itaharibu nini? Halafu nimeshalipia nusu ya waya mtupu kutoka Dar, kwa hiyo swali langu ni programu tu.

FundiKirumba: Programu haina kosa. NEC-2, injini ya hesabu ndani ya 4nec2, inahesabu waya mtupu. Ganda inalipokea NEC-4, toleo la baadaye. Plastiki inaongeza kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, wimbi linapunguza mwendo, antena inakuwa kama imerefuka.

Nimekaa_Pale: Chai hii. Mtu ana analaiza halafu hajui waya wake umevaa plastiki?

Mgeni_wa_Masafa: Analaiza nimeazima ndugu yangu. Na ganda nimelichuna kwa wembe sasa hivi: shaba kipenyo 1.4 mm, na ganda lake 2.8. Chai haina vipimo.

SatoMbichi: Weka picha.

FundiKirumba: Picha ya nini, vipimo vinatosha. Chukulia PVC, plastiki ya ganda, ina kigezo cha dielektriki (kinachoonyesha inavyopunguza mwendo wa wimbi) cha 3.5. Nusu kipenyo cha waya itoe 0.7 uweke 1.1 mm, kisha kwenye kadi ya LD aina ya 2, mstari wa programu wa kuongeza mzigo kwenye waya, ongeza induktansi 0.1 mikrohenri kwa kila mita; hivyo viwili vinaiga athari ya ganda. Endesha upya.

Mgeni_wa_Masafa: Aisee! Imesoma 6.9.

FundiKirumba: Basi punguza karibu sentimita 28 kila upande. Kata kidogokidogo huku unapima. Waya wa Dar ahirisha.

Mgeni_wa_Masafa: Nitakata, mkuu. Ila wa Dar umeshapakiwa kwenye basi, nitaupokea tu.