Wana Dodoma, tunataka kufanya sanaa ya mtaani kuhusu kodi za nyumba, tuanzie wapi?

Rangi Mbili
Habari zenu wakuu. Tupo vijana kadhaa huku Nkuhungu, wengine tumesomea sanaa wengine mafundi rangi tu, wote wapangaji. Kijiweni stori ni ileile kila siku, dalali anataka kodi ya mwezi mzima kwa kukuonesha mlango tu, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, akisikia kuna watumishi wanahamia basi bei inapanda. Tumewaza tuchore ukuta mrefu ila wapangaji wenyewe ndo waseme kichorwe nini na wanaotaka washike brashi. Sasa tukimuuliza mtu kodi yako shingapi, anaangalia pembeni. Kuna aliyewahi kufanya kitu kama hiki?

Tofali la Kuchoma
Ukuta hauwezi kunipunguzia hata buku mkuu. Nunueni mchele mgawane.

Mama Sambusa
Wanaangalia pembeni kwa sababu mnawauliza uani na mwenye nyumba kakaa kibarazani anasikia. Mi mlangoni nina pazia la maua mekundu, mkinichorea hilo pazia ukutani Chang'ombe nzima inajua ni nyumba ya nani na kesho nahama. Nilishapewa notisi kisa kuuliza kwa nini LUKU tunachangia sawa wakati yeye ana friji mbili na mimi nina taa na chaja ya simu. Njooni kwenye vikoba, pale tunaongea, na mtu asimulie ya mwenzie sio yake. Utasikia mengi mpaka uchoke.

Mzee wa Jukwaa
Mama Sambusa kamaliza. Hii kitu sio ngeni hapa nchini, miaka ya 80 mwanzoni kina Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar walienda Malya kule Mwanza, wanakijiji wakachagua tatizo lao wenyewe, wakaigiza wenyewe, halafu wakakaa kulijadili. Na Brazil alikuwepo Augusto Boal, kwake igizo linasimamishwa katikati, mtazamaji anapanda anachukua nafasi ya mhusika anajaribu njia nyingine, na alipokuwa diwani Rio de Janeiro miaka ya 90 alitumia maigizo hayohayo kupata mawazo ya sheria za jiji. Ushauri wangu ukuta uje mwishoni. Anzeni na majivu. Chora chini chumba cha futi kumi kwa kumi, saizi yake kabisa, halafu waambie watu waingie wapange maisha, kitanda kikae wapi, mtungi wa gesi wapi, ndoo za maji wapi, watoto wawili wa darasa la nne na la saba walale wapi na binti ni mkubwa. Hapo hujamuuliza mtu kodi, hujataja nyumba ya mtu, ila watabishana wenyewe mpaka jua lizame.

Kikuyu Kaskazini
@Tofali la Kuchoma sio kila sanaa ni pambo. Kibera Nairobi 2009 yule msanii Mfaransa JR alitandika picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa palepale juu ya mabati, na alizichapa kwenye vinaili isiyopitisha maji kwahiyo zilikuwa zinazuia mvua humo ndani. Ila huku kwetu msijaribu mabango, upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua. Na ukuta uwe wa plasta, tofali za udongo zinabanduka na rangi yenu.

Kiwanja cha CDA
Na sisi wenye nyumba je? Kila mara tunachorwa na kitambi na rungu. Kiwanja nilipata enzi za CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja hapa Dodoma, hati ya miaka 33, nikajenga kidogokidogo, vyumba viwili vya uani vilikaa bila mtu muda mrefu na hakuna aliyenionea huruma. 2016 serikali ikatangaza inahamia, ndo simu zikaanza kuita. Sasa hivi TRA wana asilimia 10 yao ya pango, nondo na saruji bei mnazijua. Sisemi madalali wako sawa, wale hata mimi wananiongezea bei bila kuniambia. Ila mkiniita nikute tayari mmeshanihukumu sikai.

Rangi Mbili
Aisee asanteni. Tunaanza na majivu, na vikoba Mama Sambusa nitakufuata inbox. Mzee @Kiwanja cha CDA karibu sana, ila siku hiyo utacheza mpangaji.

Kiwanja cha CDA
Nakuja. Hiyo ya miezi sita namlipa nani?

Tofali la Kuchoma
Mimi nicheze dalali basi, siongei sana natembea tu na funguo.

Mama Sambusa
Barua kwa mwenyekiti wa mtaa ipelekeni mapema, na isiwe Jumapili asubuhi, nusu ya watu wako kanisani.